Jeddah Chini ya Sakafu

Jirani yangu anajenga. Kila asubuhi vijana wake wanakoroga zege karibu na dirisha langu, na ile harufu inapopanda, harufu ya vumbi lililonyweshwa maji na kuanza kugeuka jiwe, kalamu inanitoka mkononi. Wenzangu hukumbushwa utoto na udi, au na vitumbua vinavyokaangwa alfajiri. Mimi hukumbushwa na saruji mbichi. Nikiinusa, mara moja nakuwa tena mtoto aliyevaa soksi mbili mbili, nimechuchumaa uani katika nyumba ya udongo kule Manfuha, Riyadh, mdomo wangu nimeusogeza kwenye tundu la bomba, namwita mama yangu.

Tulikuwa watatu tuliohamia Riyadh kutoka Jeddah: baba, bibi mzaa mama, na mimi. Mama tulimwacha Jeddah, ardhini. Baba alikuwa fundi bomba, na kazi zote za mabomba wakati ule zilikuwa zimekimbilia Riyadh. Wenzangu wa rika langu mliolelewa kule mtakumbuka mji ulivyokuwa. Fedha ya mafuta ilikuwa imefoka kama maziwa jikoni. Ukienda chuoni asubuhi unapita mtaa, ukirudi adhuhuri mtaa umebomolewa, na mahali pake pana shimo na winchi. Matajiri walijenga majumba yenye bafu nyingi kuliko watu wa kuoga, na baba alikuwa akiondoka na mfuko wake wa spana kabla jua halijatoka na kurudi akinuka mpira na vumbi la marumaru.

Lakini hakuna aliyetuambia kuhusu baridi. Jeddah tuliijua kwa joto lake zito, lenye chumvi, linalokukumbatia mlangoni kama shangazi asiyejua kuachia. Riyadh, kipupwe kilipoanza, baridi ilikuwa kavu na ilikuwa na meno. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yalifanya ngozi juu yake, na mimi niliivunja kwa kidole nikaweka kipande mdomoni, nikidhani ni kioo kinacholika.

Bibi hakuona kitu cha kucheka. Bibi alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo vidogo vidogo, kila kitobo kimezungushiwa uzi wa hariri mpaka kisimame chenyewe. Alikuwa na wenzake watatu, wote watu wa Unguja waliohamia Arabuni kama sisi, na kiongozi wao wa mdomo alikuwa Bi Raya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki. Walikaa chini, juu ya mkeka, miguu wameinyoosha mbele, na kofia zao zilivaliwa na mabwana harusi wa Jeddah, wa Maskati, mpaka wa Mombasa. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari ya bibi na ndiyo iliyokuwa sababu ya yeye kuamka. Sasa baridi ilipanda kutoka sakafu ya udongo, ikapita mkeka, ikapita makalio, ikaenda kujilaza kwenye vidole. Nilimwona akijaribu kuingiza uzi kwenye sindano, akijaribu tena, kisha akiiweka sindano chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa.

Baba alileta jiko la mafuta taa. Likatoa moshi, na moshi ukaacha rangi ya chai kwenye kitambaa cheupe. Likatupwa uani. Akaleta kiti, ili bibi apae juu ya baridi.

"Mwambie baba yako," bibi aliniambia, na baba alikuwa amesimama pale pale mlangoni, "kofia haishonwi kitini. Kitini hukaa karani."

Hapa nieleze jambo. Baba na bibi walikuwa wakwe, na kwetu mkwe anaheshimiwa mpaka heshima inakuwa ukuta. Baba hakukanyaga mkeka wa bibi, hakumtazama usoni, hakumwinulia sauti. Na mara nyingi, hasa kwenye neno zito, hawakuambiana moja kwa moja. Walipitisha maneno kwangu. Nilisimama katikati kama dirisha, na wote wawili wakisikia kila kitu, lakini neno likawa halijasemwa mpaka mimi nimelirudia. Niliona ni kazi ya kawaida ya watoto. Nilidhani kila nyumba ina mtu wake wa kupitishia maneno.

Kwa hiyo ni mimi niliyelibeba na neno lile jingine.

"Mwambie baba yako," bibi alisema siku moja, akikunja kitambaa ambacho hakukitia hata kitobo kimoja, "mimi narudi Jeddah kwa Nassor. Mikono yangu imekufa huku. Na mwanangu yuko kule. Angalau nitakaa naye joto moja."

Nassor alikuwa mjomba wangu, karani wa bandari, mwenye nyumba Al-Nuzha. Lakini mwana aliyekusudiwa hapo hakuwa Nassor. Hata mimi nilijua.

Nilimgeukia baba. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maneno yakakataa kupita. Bibi ndiye aliyeninyoa nywele za utoto, ndiye niliyelala nimejibana mgongoni kwake tangu usiku ule wa Jeddah nilipoambiwa mama amelala. Akiondoka, nani atanisuka? Nani atanipuliza macho yakiingia mchanga?

"Nimesikia," baba alisema taratibu. Alikuwa akiitazama spana yake. "Mwambie bibi yako anipe nafasi. Asiifuate Jeddah. Nitamletea Jeddah hapa hapa, chini ya miguu yake."

Neno hilo mimi nililichukua lilivyo. Mtu mzima alisikia ahadi. Mimi nilisikia kazi iliyopangwa. Baba alikuwa fundi. Alikuwa akiyaleta maji kutoka mbali mpaka kwenye bafu za matajiri. Kwa nini asiweze kuileta Jeddah?

Na kweli, baada ya siku chache alirudi kwa pikapu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na bomba. Halikuwa la chuma. Lilikuwa jeupe, jembamba kama kidole gumba cha mtu mzima, la plastiki ngumu, limeviringwa duara juu ya duara mpaka likawa kubwa kunizidi mimi. Baba alieleza kwamba tajiri anayemjengea alikwenda Ulaya akakanyaga sakafu yenye joto, akarudi akitaka na yake iwe hivyo. Bomba linalazwa ndani ya zege, maji ya moto yanapita humo, na sakafu nzima inakuwa kama jiwe lililoota jua. Bomba likabaki. Kafili wake, mdhamini wake wa kazi, alimwambia alichukue.

"Akasema, bomba chukua," baba alicheka, "lakini saruji, mafi, hakuna."

Maana saruji ilikuwa imeadimika kuliko dhahabu. Meli zake zilikuwa zimejipanga nje ya bandari ya Jeddah zikingoja nafasi ya kushusha, na mji mzima wa Riyadh ulikuwa ukizingojea. Mjomba Nassor akafanya alichoweza. Lori lilikuja na mifuko ya saruji imefunikwa turubai, na karatasi yenye salamu: hii ndiyo, nyingine usitegemee. Dereva alikuwa tayari kurudi na bibi. Sanduku lake la bati lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba.

"Mwambie bibi yako," baba aliniambia, "lori litakuja tena. Likija mara ya pili na mikono yake bado imekufa, nitalipakia sanduku mwenyewe, kwa mikono yangu."

Bibi alilitazama sanduku. "Mwambie sawa," alisema. "Lakini sanduku libaki hapo hapo."

Likabaki. Tulikuwa tukiliruka kila tulipoingia na kutoka.

Uani kulikuwa na kibanda cha zamani cha kuwekea tende, kuta nne za matofali. Baba aliezeka paa, akaweka mlango, akatamka kwamba hii ndiyo karakana ya kofia. Alimleta rafiki yake Abduh, Myemeni mfupi aliyekuwa akiimba hata anapobeba mawe. Wakachimba sakafu ya zamani, wakamwaga kokoto, wakatandaza wavu wa chuma, na juu ya wavu baba akaanza kulilaza bomba. Alilipeleka mpaka ukutani, akalikunja, akalirudisha, akalikunja tena, mistari iliyoandamana kama mshono wa bibi, na kila baada ya hatua akalifunga kwenye wavu kwa waya mwembamba. Alifanya kazi hiyo jioni, akitoka kwenye kazi nyingine, magoti yake juu ya gunia. Sijamwona mtu akifanya kitu kwa ukimya ule. Waya zilimchoma vidole, akavifuta kwenye suruali na kuendelea.

Mimi nilikaa mlangoni nikitazama, na nikaelewa. Nilielewa vibaya, lakini nilielewa sana. Njia ya kutoka Jeddah ilikuwa ndefu. Tulisafiri kutwa na kucha juu ya lori nikatapika mara nyingi. Na bomba hili lilikuwa refu ajabu, halikuisha. Baba ameikunja njia ya Jeddah! Ameikunja kama bibi anavyokunja kanga, ili itoshe ndani ya chumba. Ncha mbili zilitokeza ukutani, moja kando ya nyingine. Ncha moja ilikuwa ni hapa. Nyingine, basi, ilikuwa ni kule.

Siku moja kabla ya zege, baba na Abduh walipokwenda kuchukua mchanga, niliingia. Nilishika ncha mbili, moja nikaiweka mdomoni, nyingine sikioni.

"Mama," nikasema, "huku kuna baridi."

Halafu kutoka mbali, kutoka mwisho wa njia yote ile, sauti nyembamba sana, sauti ya mwanamke aliyechoka, ikanifikia sikioni:

"...kuna baridi."

Niliachia bomba. Sikuogopa kwamba amejibu. Hilo nilikuwa nikilitarajia. Niliogopa alichokisema. Mama alikuwa na baridi. Wote walikuwa wakisema Jeddah ni joto, bibi alikuwa akitaka kurudi kwa ajili ya joto, na kumbe mama mle alimo hasikii joto lolote. Sikumwambia mtu. Lakini kuanzia saa ile ile sakafu haikuwa tena ya bibi peke yake. Maji ya moto ya baba yalitakiwa yafike mpaka mwisho wa bomba, na mimi nilikuwa nimeazimia yafike.

Zege lilimwagwa siku ya Ijumaa, baada ya sala. Baba alikuwa amelijaza bomba maji na kuyabana kwa pampu ya mkono, na kwenye ncha yake akafunga kidude cha duara chenye kioo na mshale ndani yake.

"Zuhura, kaa hapa," aliniambia. "Mshale huu usimame hapo hapo. Bomba likitoboka, maji yatatoka na mshale utaanguka. Ukianguka, piga kelele. Usimngoje mtu."

Nilikaa mbele ya mshale ule kama mlinzi wa hazina. Abduh alikoroga, baba alimwaga na kusawazisha, wakirudi nyuma kuelekea mlangoni mpaka bomba lote likazama na sakafu ikabaki inang'aa, ya kijivu, laini kama uji. Kisha adhana ya alasiri ikasikika. Wakanawa na kuondoka kwenda msikitini, wakiwa wamefurahi, baba akitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Hapo ndipo bibi alipotoka nje na wenzake.

Wote walikuwa wamejifunga kanga viunoni. Bi Raya alishika mpini wa ufagio alioukata, bibi alishika mwiko mkubwa wa pilau, na wale wawili walikuwa na vipande vya mbao. Ni lazima mjue sakafu zilivyokuwa zikijengwa kwetu Unguja, zile za chokaa na kokoto. Zikishamwagwa huitwa wanawake wa mtaa, wakaja na vibao, wakazipigilia siku nzima, wengine siku kadhaa, kwa nyimbo na ngoma, mpaka chokaa ishikane. Sakafu isiyopigiliwa hupasuka. Bibi aliipigilia sakafu ya nyumba yao akiwa mwari, aliipigilia dari ya nyumba aliyoolewa. Na sasa aliona wanaume wawili wamemwaga sakafu yake, wameilainisha kwa ubao, wakaiacha na kwenda zao.

"Uji huu," alisema. "Wameuacha uji. Na ndio nikakae juu yake?"

"Wanaume wa bara hawajui sakafu," Bi Raya alisema.

"Mkwe wangu si wa bara."

"Ameoga maji ya bara, basi. Haya, shoga zangu, tumsitiri kijana wa watu kabla hajarudi."

Siwezi kuwasimulia furaha ile bila kutabasamu. Waliweka mbao za kukanyagia, wakapanga mstari, na Bi Raya akaanzisha wimbo alioutunga pale pale, wa kumsifu mkwe aliyeoa mke mmoja akapata mama wanne. Vibao vikaanguka kwa pamoja, tap, tap, tap, zege likiruka mpaka nyusoni.

"Kaza, Bi Raya! Hukandi maandazi!"

"Mie nikikaza mtatokea Makka nyie!"

Bibi alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Jeddah. Uso wake ulipata damu, mikono yake iliyokufa ilipanda na kushuka, na kwa kitambo mimi pia nikasahau mshale, nikapiga makofi kwa kufuata wimbo.

Nilipogeuza macho, mshale ulikuwa unashuka.

Haukuanguka kwa kishindo. Ulishuka taratibu kama kope za mtu anayesinzia. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kuliko nilivyoagizwa, nikaruka kutoka pale nilipokaa, nikakimbilia kwenye zege mpaka miguu ikazama.

"Mmeikata! Mmeikata njia! Mama atakufa baridi! Maji hayatamfikia tena, mmeikata!"

Vibao vilisimama hewani. Baba na Abduh walikuwa ndio wanaingia mlango wa ua. Baba aliona vibao, aliona mshale, aliniona mimi nimesimama ndani ya sakafu yake. Aliibana midomo yake, na nilijua maneno yaliyopo nyuma yake, na nilijua hawezi kuyasema kwa mama mkwe wake, hata kama nyumba inaungua. Akaninyanyua kutoka kwenye zege.

"Maji yasimfikie nani, mwanangu?"

"Mama," nikalia. "Yuko huko mwisho. Ameniambia kuna baridi. Umelikunja bomba mpaka Jeddah, na mimi nimemsikia."

Hakuna aliyecheka. Bi Raya aligeukia ukuta na kujifuta uso kwa pembe ya kanga. Baba alinibana kifuani, sikuona uso wake. Na bibi, bibi alisimama na mwiko wa pilau mkononi, akinitazama kama mtu anayesoma barua ndefu. Kisha akauweka mwiko chini. Akakaza kanga yake.

"Baba Zuhura," alisema. Hakusema mwambie. Alimwita mwenyewe, akimtazama usoni. "Limetoboka wapi?"

Baba alijibu akilitazama zege, kwa sababu hakuwa amezoea. "Sijui, Mama. Huenda ncha ya waya. Mlipopiga, waya umeingia kwenye bomba."

"Linatengenezeka?"

"Kabla zege halijakaza, ndiyo. Likikaza, halas, imekwisha. Na saruji nyingine hatuna."

"Basi tusisimame."

Abduh alikuwa tayari amefunga pampu ya baiskeli kwenye ncha ya bomba, anasukuma hewa. "Yalla, yalla," alisema, "jua halitungoji." Sote tuliinama juu ya sakafu, wanawake wanne na mwanamume mmoja na mimi, tukitazama uji wa kijivu kama watu wanaotafuta pete. Na karibu na ukuta wa pili, pale Bi Raya alipokuwa amejitapa, povu likachomoza. Puku. Likapasuka. Puku tena.

"Ole wangu," Bi Raya alisema. "Kumbe kweli nimekaza."

Baba alikwenda kuchukua koleo, na aliporudi bibi alikuwa amekwisha piga magoti na kuanza kuchimba kwa mikono.

"Mama, usifanye hivyo. Saruji itakula ngozi."

"Koleo litalipasua bomba lako mahali pengine. Mikono hii imeliwa na baridi bila faida. Iache iliwe na kitu chenye maana."

Wakachimba wawili, kichwa kwa kichwa, mkwe na mkwe, viganja vyao vikigongana ndani ya tope. Nilimwona baba anataka kuondoa mkono wake kila ulipomgusa, kwa heshima, na bibi akimnong'oneza, "Chimba, mwanangu, chimba." Wenzake walibeba zege lililochimbwa kwenye masufuria ya jikoni na kulikoroga lisigande. Bomba jeupe likaonekana, na ubavuni mwake ncha ya waya, ndogo kama mwiba wa samaki. Baba alikata kipande kile, akatoa kiungo cha shaba kutoka mfukoni, akakaza kwa spana mbili mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Abduh akarudisha maji, akapampu.

"Zuhura!" baba aliita. "Mshale?"

Nilikuwa nimekwisha rudi mahali pangu. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama. Nilingoja niwe na hakika. Niliungojea kwa nguvu zangu zote.

"Umesimama!"

Tulirudisha zege haraka, likiwa limeanza kuwa zito. Halafu baba akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alikwenda kwenye zana za Abduh, akaleta ubao bapa wa kulainishia, akaufuta, akampa bibi kwa mikono miwili.

"Tafadhali, Mama. Ipigeni. Lakini kwa huu, na polepole."

Wakaipiga, kwa zamu, kwa ubao ule mmoja na mwingine wa Abduh, kwa wimbo ule ule, kwa sauti ya chini. Abduh aliitikia kiitikio bila kujua maana yake. Pale palipochimbwa palibaki na nundu kidogo na rangi tofauti, hapakulainika kamwe.

Kisha tukasubiri. Baba hakuruhusu maji ya moto mpaka zege likomae, akalimwagia maji kila asubuhi kama mche. Viganja vya bibi vilibabuka, akavipaka mafuta ya nazi bila kunung'unika. Tukaendelea kuliruka sanduku.

Lori la pili lilikuja asubuhi ya baridi kali. Dereva alinywa kahawa barazani akiuliza mizigo ya bibi iko wapi. Asubuhi hiyo hiyo baba aliwasha jiko la mafuta nje ya karakana, lililochemsha pipa la maji, na pampu ndogo ikaanza kunguruma. Wanawake walitandika mikeka, wakakaa, wakanyoosha miguu.

Hakukutokea kitu.

"Mie nasikia barafu," Bi Raya alisema.

"Zege ni zito," baba alisema kutoka mlangoni. "Linahitaji muda."

Dereva akamaliza kahawa. Akamwagiwa nyingine. Jua likapanda. Nilikuwa nimelala kifudifudi, shavu juu ya sakafu, nikiyasikia maji yakipita chini yangu, yanakwenda, yanakwenda, na nikawa nayasindikiza moyoni kila kona: sasa yametoka Riyadh, sasa yako jangwani, sasa yameiona bahari. Na polepole sana, kama mtu anayeona haya, joto likafika shavuni.

"Limefika," nikasema.

Bi Raya alipapasa chini yake, akatoa macho. "Jamani! Nimekaa juu ya mkate!"

Bibi aliweka viganja vyake vilivyobabuka juu ya sakafu, akavibakisha hapo mpaka nilidhani amelala. Kisha akachukua sindano, akachukua uzi, na uzi ukapita mara ya kwanza. Akainama, akaanza kitobo. Kilipokamilika ndipo alipozungumza, bila kuinua kichwa.

"Mwambie baba yako," aliniambia, "lile sanduku limeziba njia. Alipandishe juu ya kabati."

Baba alikuwa pale pale. Nilirudia neno kwa neno, kama ilivyotakiwa, na dereva akaondoka na lori tupu.

Kofia nyingi zilishonwa juu ya sakafu ile. Mkeka wa bibi ulitandikwa daima pale kwenye nundu, ingawa palikuwa hapakaliki vizuri, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Mimi nilikua, nikasoma, nikajifunza kwamba bomba lilizunguka humo humo chumbani na kurudi lilikotoka, na kwamba sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Hilo nililijua kwa akili na sikumwambia mtu, kama vile nilivyolificha lile la kwanza mpaka mshale uliposhuka.

Lakini kipupwe kimoja nilirudi kutoka shule mapema. Wenzake bibi walikuwa hawajafika. Nilisukuma mlango wa karakana taratibu, nikamkuta bibi amelala kifudifudi juu ya mkeka wake, mtu mzima yule, shavu lake kwenye sakafu, mkono umezunguka mdomo, ananong'ona. Aliponisikia aliinuka upesi, akajiweka sawa kanga.

"Nimeangusha sindano," alisema. "Naitafuta."

Nilipiga magoti nikamsaidia kuitafuta. Tulipapasa sakafu yote yenye joto, mimi na yeye, kona kwa kona. Sindano ilikuwa imechomekwa kifuani pake, kwenye kanga, na uzi wake umekwisha tiwa.